Siku Kifungu cha Tisa Kilipokalishwa Kwenye Karai

"Nani alilia mpaka wewe ukaletwa?"

Niliulizwa swali hilo Masumbwe, nikiwa nimekaa juu ya karai lililofudikizwa, nimezungukwa na wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu. Aliyeuliza hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anakiuliza kifungu cha sheria, na siku hiyo kifungu nilikuwa mimi. Nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza nianzie nilikoanzia, maana ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike kazi yenyewe ilivyokuwa.

Mmeniita mstaafu. Hata kwenye keki mliandika hivyo, mkapiga makofi, na yule mpya wa mapokezi akanipa shikamoo kwa mara ya kwanza. Sina mvi hata moja na bado nakimbilia bodaboda. Naondoka kwa sababu nimeanza kujua majibu ya watu kabla sijawauliza maswali, na kwa kazi yetu huo ni ugonjwa. Mtu akifika hapo apishe wengine.

Nilipoajiriwa, ofisi ilikuwa palepale Kambarage, hapa Shinyanga, ilipo sasa, kati ya saluni na fundi pikipiki. Kazi ilielezwa kwa sentensi chache. Serikali inapeleka muswada bungeni. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, na kamati inaita wadau watoe maoni kabla haujawa sheria. Sisi tunauchukua muswada huo na kuupeleka kwa watu watakaoguswa nao, tunawaeleza, tunawasikiliza, kisha tunayapeleka Dodoma waliyoyasema. Siku ya kwanza nikauliza, "Na hao wadau ni akina nani hasa?"

"Mdau," akajibu mkuu wa ofisi bila kuinua macho, "ni mtu mwenye nauli ya Dodoma. Wengine wote ni wananchi."

Huyo alikuwa Restituta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukombe kabla ya kuja kwetu, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango, na aliongea na kila mtu kana kwamba kuna darasa jingine nyuma ya ukuta linalopaswa kumsikia. Aliniuliza kama nimewahi kusoma muswada. Nikamwambia nimetoka chuo kikuu, nimesoma sheria nyingi tu katika sayansi ya siasa.

"Sijakuuliza sheria. Sheria ni mtu mzima. Muswada ni mimba. Hujui itakuwa nini na bado watu wanabishana juu ya baba."

Akanipa muswada wa kurasa chache nikausome. Nikakutana na sentensi inayosema kifungu fulani cha sheria mama kinarekebishwa kwa kufuta neno "anaweza" na badala yake kuweka neno "atapaswa". Nikarudi kwake nikicheka. Nikamwuliza kama kweli tunakodi gari, tunakwenda porini, tunawaacha watu na mashamba yao, kwa ajili ya neno moja. Hakucheka. Alisema neno hilo ndilo linaloamua kama mgambo atafika mlangoni kwako akitaka, au atafika atake asitake.

Ndiye aliyenifundisha kuanza muswada kutokea nyuma. Mwisho wa kila muswada kuna sehemu iitwayo Madhumuni na Sababu, ambako anayeuleta anaeleza kwa nini ameuleta. Nikamwuliza kwa nini tuanze na maneno ya muuzaji kabla ya kuiona bidhaa.

"Hatuyaamini. Tunayasoma ili tujue anataka tuamini nini. Kisha tunarudi mbele kutafuta alichokificha."

"Na kama hajaficha kitu?"

"Basi umesoma haraka."

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Karatasi kubwa za kubandika ukutani, ambazo hazina maana mahali pasipo na ukuta. Kalamu nene za rangi. Kipaza sauti cha mkono, ambacho betri zake zilikwisha kila mara mwenyekiti wa mtaa alipomaliza kushukuru. Nakala za muswada, zilizofungiwa vitumbua nusu saa baada ya mkutano, na sijawahi kuliona hilo kuwa tusi. Angalau zilifika nyumbani. Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote ni viti. Chunguzeni siku zote viti vimetoka kwa nani. Aliyetoa viti ndiye anayeendesha mkutano, hata kama amekaa nyuma kabisa akichokonoa meno.

Miaka ya mwanzo nilijifunza zaidi kwa kuulizwa kuliko kwa kuuliza. Kulikuwa na muswada mmoja wa mifugo, uliotaka kila ng'ombe avalishwe hereni yenye namba na kila anayehamishiwa ng'ombe aandikishe umiliki wake upya. Tukaupeleka vijiji vya nje ya Shinyanga mjini. Nikaueleza vizuri, kwa michoro, nikajisifu moyoni. Mzee mmoja akanyanyua fimbo yake.

"Mwanangu, ng'ombe wa mahari. Wametoka kwangu, wamefika kwa baba wa binti. Huyo ana deni la mahari ya mwanawe, anawapeleka mbele bila kuwalaza zizini. Wanakwenda hivyo nyumba nne. Hereni inabadilishwa mara ngapi?"

"Kila wanapohama, mzee."

"Na binti akirudi nyumbani, ng'ombe wakadaiwa?"

Nilipekua karatasi. Aliyekaa karibu naye akasema, "Basi huyo ng'ombe atakuwa na masikio marefu kama punda." Watu wakavunjika mbavu. Tuliandika swali hilo kama lilivyo na kulipeleka. Sikuambiwa kama kuna aliyelisoma, lakini tangu siku hiyo kila muswada niliokabidhiwa niliupitisha kwanza kwenye nyumba nne za mahari. Kama haukuvuka salama, nilijua pa kuanzia.

Sasa Masumbwe.

Ulikuwa muswada wa kurekebisha sheria za uchimbaji mdogo. Madhumuni na Sababu yake yalisomeka vizuri mno: usalama, utaratibu, kuzuia wizi. Nilirudi mbele kutafuta, nikakifikia kifungu cha tisa. Kifungu hicho kilitaka kila mwenye leseni awe na rejesta ya watu wote walioko kwenye eneo lake. Hapo sikuona tatizo. Kisha kikasema hakuna mtu atakayeonekana kwenye eneo la uchimbaji au uchenjuaji bila kuandikwa kwenye rejesta na bila idhini ya maandishi ya mwenye leseni, na atakayeonekana atatozwa faini au atafungwa.

Ili muone kwa nini nilisimama hapo, lazima mjue mwalo, yaani mahali pa kusagia mawe na kuoshea dhahabu, unavyofanya kazi. Mawe yanatoka kwenye mashimo marefu ambayo wachimbaji wanayaita maduara. Yanasagwa na mashine, karasha, yanakuwa unga. Unga unaoshwa, dhahabu inakamatwa, huko ndiko kuchenjua, na mchanga unaobaki unaitwa marudio. Mchanga huo unakuwa bado na punje ndogondogo zilizoponyoka. Wanawake wanauchukua na kuuosha tena kwa makarai, siku nzima, mgongo umepinda. Leo wapo kwa mwenye leseni huyu, kesho karasha ya yule ndiyo inayonguruma, wanahamia huko. Hakuna aliyewahi kuwaandikia karatasi. Wanaingia kwa mdomo na kutoka kwa mdomo. Muswada ukipita kama ulivyo, yeyote kati yao angeweza kukamatwa akiwa ameshika karai lake mwenyewe, au angekaa kwa hisani ya saini ya mtu mmoja.

Kamati ilikuwa imetoa siku chache tu. Nikaenda na Restituta.

Mwenye leseni wa mwalo tuliofikia nitamwita Bwana Mabula. Msimwone mbaya mapema. Alikuwa mcheshi, alitupokea kwa "Mwangaluka!" kubwa, akaamuru karasha izimwe ili tusikilizane, jambo linalomgharimu mtu wa dhahabu. Akatoa pia viti, vya plastiki, vyeupe, vya kutosha watu wote. Nilipoviona nikamtazama Restituta, naye akanitazama.

Nikaeleza kwa Kiswahili, Restituta akarudia kwa Kisukuma. Kimya cha karasha kilikuwa kizito, ungesikia maji yakidondoka kwenye makarai. Nikauliza, "Haya, mna maoni gani?"

Mama mmoja mtu mzima akasimama. "Sisi tunaishukuru serikali."

Akasimama wa pili. "Na mimi naungana na mwenzangu aliyetangulia."

Wa tatu akashukuru kwa viti. Bwana Mabula alikuwa nyuma, amekunja mikono, anatabasamu. Nikaanza kukata tamaa, na nawaambia ukweli, nilianza pia kukasirika. Nilitaka kusema: jamani, ni ninyi mtakaofungwa! Restituta akanifinya mkono. Ndipo mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa chini, aliyekikataa kiti tangu mwanzo, akaongea bila kusimama.

"Madamu, naomba kuuliza. Huyo kifungu yuko wapi?"

"Yupo hapa, mama. Kwenye karatasi hii."

"Mimi sizungumzi na karatasi. Mnatuambia tumseme, na yeye hayupo. Kwetu anayeshtakiwa analetwa, anakalishwa chini mbele za watu, anasikia, anajibu. Tukimsema hayupo huo si ni umbea?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Ehe, Mama Kulwa, umesema! Aletwe!" Mwingine, "Aletwe akae!" Nikajaribu kueleza kwamba kifungu ni maneno, hakiletwi. Nikasikika kama mtu anayemficha mhalifu.

"Nani kamleta hapa?" akauliza Mama Kulwa.

"Si huyo Madamu!"

"Basi yeye ndiye akae."

Restituta, ambaye nilitegemea aniokoe, alikuwa ameshachukua karai tupu na kulifudikiza katikati. "Kaa," akaniambia kwa sauti ya darasani. "Na usijibu kitu ambacho hakimo kwenye karatasi. Kama hakimo, sema hakimo."

Nikakaa. Karai la chuma lililoshinda juani, na mimi nimevaa sketi nyepesi. Bwana Mabula akawa anacheka mpaka anafuta machozi, na nadhani ni kwa sababu ya kicheko hicho hakuona kilichotokea. Mkutano ulikuwa wake. Kesi haikuwa yake. Kwenye kesi kila mtu anaongea kwa zamu, hata mwenye viti, na hakuna anayemsema yeye, wanamsema mshtakiwa.

"Jina lako?" akaanza Mama Kulwa.

"Kifungu cha tisa."

"Baba yako nani?"

"Wizara."

"Wizara ina watu wengi. Nani katika hao?"

"Hakimo kwenye karatasi."

"Hajui baba yake," akatangaza mtu, na watu wakasikitika kwa kutikisa vichwa, wakicheka.

"Umewahi kufika Masumbwe?"

"Hapana."

"Mimi hapa unanijua?"

"Nakujua kama mtu aliyeonekana kwenye eneo la uchenjuaji."

Hapo kicheko kikapungua. Mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni akasogea mbele. "Ukinikuta hapa na karai langu, utanifanyaje?"

"Kama huna idhini ya maandishi, nitakutoza faini."

"Sina."

"Nitakufunga."

"Na huyu?" Akageuza mgongo, mtoto akanitazama kwa jicho moja.

"Hakimo kwenye karatasi."

"Idhini anatoa nani?"

"Mwenye leseni."

"Akikataa?"

"Hakimo."

"Akitaka kitu kwanza ndiyo atoe?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bwana Mabula. Kila mtu alinitazama mimi. "Hakimo," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo nikaelewa muswada kwa ngozi yangu. Nilikuwa ninajibu watu kwa ukatili, na sikuwa na chuki nao hata kidogo. Sikuwa na habari nao tu.

Bwana Mabula akaomba zamu. "Mimi namtetea mshtakiwa. Huyu kifungu ana maana. Mnajua ninavyoibiwa? Mtu anaingia hapa kama mwosha marudio, anatoka na mawe ya watu kwenye kanga. Nikimwuliza jina ananiambia Maria. Wote ni akina Maria!"

"Mimi ni Maria kweli!" mtu akapaza sauti.

"Nakujua wewe, Maria. Nasema wale Maria wengine." Hata waliokuwa na hasira wakacheka, na Restituta akaandika hoja yake, maana ilikuwa hoja.

Kisha akasimama mchimbaji mmoja, Shija, mtu wa makamo mwenye vumbi mpaka kwenye kope, aliyekuwa amepita tu kutafuta maji. Aliniita mshtakiwa, kwa heshima. "Mshtakiwa, hiyo rejesta yako. Duara likishuka, watu wakafukiwa, majina yao yatakuwa yanajulikana?"

Nikapekua. "Ndiyo. Kila aliyepo lazima awe ameandikwa."

"Hata kama ni kibarua wa siku moja?"

"Kila aliyepo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Watu wa maduara wanajua jinsi inavyokuwa. Ardhi inashuka, wenye shimo wanasema walikuwamo watano, ndugu wanasema saba, na hakuna pa kutazama.

"Hilo lake libaki," akasema Mama Kulwa. Aliinuka, akanisogelea mpaka kanga yake ikanigusa goti, akauliza lile swali nililoanza nalo.

"Nani alilia mpaka wewe ukaletwa?"

"Sielewi, mama."

"Hakuna anayeamka Dodoma asubuhi akaandika tu. Kuna mtu amelia mahali, wakubwa wakasikia. Ni nani?"

Nilifungua Madhumuni na Sababu. Usalama, utaratibu, kuzuia wizi. Hapakuwa na mtu humo. "Hakimo kwenye karatasi," nikasema.

Alinitazama kidogo, akarudi kukaa chini. Sikuelewa kwa nini alinitazama vile. Nilidhani ameshinda hoja.

Hukumu ilichukua muda, kwa sababu kila mtu alitaka kuitoa. Wengine walitaka kifungu kifukuzwe. Mama Kulwa akakataa. Mwishowe wakakubaliana hivi: mshtakiwa akae, ila anyang'anywe fimbo. Rejesta iwepo, na jina la mtu liandikwe kabla hajashuka wala kuingia, na nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa, siyo kwa mwenye leseni peke yake. Anayekuja na kitambulisho chake aandikwe bila kuomba idhini ya mtu. Bwana Mabula akaongeza kwamba anayekataa kuandikwa ndiye atolewe, na wanawake wakaona ni haki. Kisha mshtakiwa akatozwa faini ya mbuzi, kwa kuja bila kujua baba yake. Tukaafikiana mbuzi abadilishwe kuwa soda, Restituta akazilipia, na mimi nikaruhusiwa kuinuka kwenye karai. Sketi ilikuwa na duara la kutu ambalo halijatoka mpaka leo.

Njia nzima ya kurudi Shinyanga nilitaka kuiandika kesi ile kama ilivyo, swali kwa jibu, na kuipeleka kamati. Restituta hakutaka kusikia. "Kule wana lugha yao. Kifungu, pendekezo, sababu. Safu tatu. Ukiwapelekea karai watacheka, na wakicheka umekwisha." Tukabishana mpaka tukafika. Tukaandika safu tatu.

Dodoma nilipewa dakika chache. Nilikuwa nimevaa gauni la kuazima na nikaongea haraka mno. Mjumbe mmoja akaniuliza, "Dada, hao akina mama wamesajiliwa popote?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unatuletea maoni ya watu ambao kisheria hawapo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kifungu hiki ndicho kitakachoamua kama watakuwepo."

Kukawa na minong'ono, sijui ya kukubali au ya kushangaa. Nikajisahau. Nikauliza, "Naomba kujua, waheshimiwa, nani alilia mpaka kifungu hiki kikaletwa?"

"Mdau," akasema mwenyekiti kwa upole, "hapa kamati ndiyo inayouliza."

Wakacheka, kama Restituta alivyosema. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa katibu wa kamati, mwanamume wa miwani aliyekaa pembeni akiandika. Aliinua kichwa, akanitazama, akarudi kuandika.

Muswada uliporudi bungeni ulikuwa na jedwali la marekebisho. Tulilisoma tumesimama, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Idhini ya maandishi ilikuwa imeondolewa. Kila mwenye kitambulisho alikuwa na haki ya kuandikwa, na majina yaandikwe kabla ya kuingia. Nakala ya rejesta ikapelekwa kwa serikali ya mtaa. Faini ilibaki kwa anayekataa kuandikwa. Kuhusu marudio yenyewe ni mali ya nani, kimya.

"Tumeshinda?" nikamwuliza Restituta.

"Hawatafungwa. Kwa leo naita kushinda."

Mimi sikutosheka. Nilitaka kujua kama ni sisi. Nikauliza huku na huko, nikakuta chama cha wachimbaji kinasema ni wao, watu wa kanisa wanasema ni wao, na mwanasheria mmoja wa Geita anasema ni yeye peke yake. Inawezekana ni wote. Inawezekana ni mjumbe mmoja aliyekumbuka shangazi yake. Ninyi mtakaoendelea, msidanganyike kwamba kuna siku mtaujua mkono uliofuta neno. Ulizeni tu hivyohivyo.

Nilirudi Masumbwe kuwapa majibu, kwa sababu Restituta alikuwa na sheria moja isiyo na marekebisho: ukichukua maneno ya watu, unarudi. Safari hii karasha haikuzimwa, sikuomba viti, na nililazimika kupiga kelele. Wanawake walisikiliza huku wakiosha. Walipiga vigelegele kwenye idhini. Mama Kulwa hakupiga. Alinisubiri nimalize, akaniita pembeni.

"Jina linaandikwa kabla ya kushuka, au baada ya kutoka?"

"Kabla."

"Isome hiyo sehemu."

Nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, mdomo karibu na sikio lake kwa ajili ya kelele. Akakunja kanga kiunoni. "Wabeja, Madamu," akasema, asante, akainama kwenye karai. "Kaa pembeni maji yasikurukie."

Nilishangaa. Alikuwa mwosha marudio na idhini ndiyo ingemtoa kwenye riziki yake, lakini aliuliza habari za watu wanaoshuka kwenye mashimo. Niliweka hilo kwenye maswali yangu mengi yasiyo na majibu, nikapanda gari.

Ikapita miaka. Restituta alirudi Bukombe, analima mpunga na bado ananipigia kunisahihisha. Miswada mingine ikaja, na sehemu nyingi tulizopita nilikuta watu hawawezi kutoa maoni lakini wanaweza kuendesha kesi, kwa hiyo nimekalia makarai, ndoo, magogo, na safari moja tairi la trekta. Mnaonicheka kwa kubeba stuli yangu mwenyewe sasa mmejua sababu.

Wiki chache kabla ya ile keki yenu nilikuwa Geita kwenye semina, na wakati wa chai mzee wa miwani akanisogelea. Nikampa shikamoo. "Marahaba. Wewe ndiye yule mdau uliyeiuliza kamati swali." Nikamtambua. Alikuwa amestaafu kweli, kwa mvi.

"Nilitaka kukujibu siku ile," akasema, "ila haikuwa zamu yangu."

Akanieleza akiwa ameshika kikombe. Kabla muswada haujaandikwa, kamati ilizuru machimbo. Duara moja lilikuwa limeshuka siku za karibuni, na wenye shimo walikuwa wametaja idadi yao ya waliofukiwa, na ilipotimia wakaacha kuchimbua. Mwanamke mmoja alipenya katikati ya msafara, akamshika mheshimiwa mmoja mkono, akalia, na hawakuweza kumbandua. Alisema mwanawe hakuhesabiwa kwa kuwa alikuwa kibarua wa siku ile tu. Hakudai fidia. Alidai watu waandikwe majina kabla ya kushuka. Katibu aliliandika ombi hilo kwenye ripoti, na kifungu cha tisa kikaanzia hapo. Idhini na kifungo viliongezwa mbele ya safari, na watu ambao yeye hakuwajua.

"Ilikuwa wapi, mzee?"

"Masumbwe. Nilimwuliza jina la mwanawe, akasema Doto, pacha wa pili. Nikamwuliza na lake. Akasema nimwandike Mama Kulwa."